Neno na Lahani katika Kafi za Kisufi: Tathmini ya Uimbaji wa Mafundi wa Muziki wa Klasiki wa Bara Hindi

Utangulizi

Suala la uhusiano wa neno na lahani si geni kwa wasomaji wa ushairi wa Kiswahili. Katika mvutano wa wanamapokeo na wanamapinduzi uliopamba moto katika miaka ya 1970, hoja mojawapo ya wanamapokeo ilikuwa kwamba utungo usioimbika haustahili kuitwa shairi. Hoja hiyo ilijadiliwa kwa kirefu kwa upande wa vina na mizani, yaani kwa upande wa yale yanayoonekana katika maandishi. Upande wake wa pili haukupewa uzito unaostahili. Shairi likiisha kuimbwa, tena likaimbwa na fundi aliyetumia umri wake wote kujifunza sauti, huwa limepata nini na limepoteza nini? Je, mwimbaji ni mchukuzi tu wa maneno ya mshairi, au naye ni msomaji na mfasiri wake?

Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa kuitazama kafi, utungo wa Kisufi wa Punjab na Sindh, kama inavyoimbwa na wanamuziki waliolelewa katika mapokeo ya klasiki ya Bara Hindi. Kafi inafaa kwa uchunguzi wa aina hii kwa sababu ndani yake mna mvutano ulio wazi. Lugha yake ni ya mkulima, mfumaji na mchunga nyati. Taswira zake ni za kisimani na uani. Lakini waimbaji wake ni pamoja na baadhi ya mafundi hodari kabisa ambao muziki wa nchi zile umepata kuwazaa. Kukutana huko kumezua lawama kwamba ufundi wa klasiki huliua neno, na kwamba kafi ya kweli ni ile ya fakiri mwenye zeze la uzi mmoja kwenye mlango wa kaburi la walii. Makala yanashikilia kuwa lawama hiyo ina ukweli, lakini imeuweka mahali pasipo pake. Kinachoiharibu kafi ni ufundi uliosahau kurudi kwenye neno, na hilo laweza kumpata mwanamuziki wa klasiki kama linavyoweza kumpata yeyote mwingine.

Kafi ni Utungo wa Namna Gani?

Kafi imetungwa kwa Kipunjabi, Kisiraiki na Kisindhi. Miongoni mwa watunzi wake wakuu ni Shah Hussain wa Lahore (1538–1599), Bulleh Shah aliyezikwa Kasur (1680–1757), na Khwaja Ghulam Farid (1845–1901), ambaye kaburi lake liko Mithankot. Kwa upande wa Sindh yupo Sachal Sarmast, aliyeishi hadi mapema katika karne ya 19, na kabla yake Shah Abdul Latif wa Bhit Shah, aliyefariki mwaka 1752, ambaye nyimbo zake za jamii hii huitwa waai. Asili ya neno lenyewe inabishaniwa: wapo wanaolinasibisha na neno la Kiarabu lenye maana ya kina cha shairi, na wapo wanaolinasibisha na lile lenye maana ya kutosheleza. Isitoshe, msomaji hana budi kutofautisha kafi iliyo utungo na raga iitwayo Kafi, ambayo ni njia mojawapo ya sauti yenye noti ya tatu na ya saba zilizoshushwa. Kafi ya Bulleh Shah si lazima iimbwe katika raga Kafi, na aghalabu haiimbwi humo.

Kwa umbo, kafi ni fupi. Sifa yake kuu ni kipokeo. Katika shairi la Kiswahili la mapokeo, kipokeo huja mwishoni mwa ubeti na kuufunga. Katika kafi, kipokeo hutangulia: husemwa kwanza, kisha kila ubeti huondoka kwacho na kukirudia. Tofauti hii yaweza kuonekana ndogo katika maandishi, lakini katika uimbaji ni kubwa. Kipokeo kinachotangulia huwa ni dai linalotolewa kabla ya ushahidi wake. Kila ubeti unapokwisha, dai lile lile hurudi likiwa na uzito mwingine, kwa sababu msikilizaji amekwisha kusikia jambo ambalo hakuwa amelisikia mwanzo.

Kwa maudhui, kafi hueleza mapenzi ya Mungu kwa mfano wa mapenzi ya binadamu, na mifano hiyo huchotwa katika ngano zinazojulikana na kila mtu. Heer humpenda Ranjha, kijana aliyeacha kwao akakubali kuchunga nyati za jamaa zake Heer ili awe karibu naye. Sassi huamka na kumkosa mumewe Punnu, aliyechukuliwa usiku na ndugu zake juu ya ngamia. Naye humfuata kwa miguu jangwani hadi mauti. Msichana aketiye mbele ya gurudumu la kusokotea nyuzi asisokote ni roho inayoupoteza umri wake: nyumba ya wazazi ni dunia hii, nyumba ya mume ni ile ijayo, na nyuzi ni amali. Hapa mshairi wa kafi anatofautiana na mtunzi wa Al-Inkishafi. Wote wawili huikabili nafsi na kuiambia kwamba dunia inapita. Lakini mtunzi wa Pate huionyesha nafsi magofu ili ishtuke, ilhali mtunzi wa kafi huionyesha Mpendwa aliye mbali ili itamani.

Hapana budi pia kukumbuka kwamba kafi ni utungo wenye ugomvi. Bulleh Shah alikuwa Sayyid, mtu wa nasaba ya Mtume, naye akamfanya Shah Inayat, mtu wa jamii ya wakulima wa Arain, kuwa murshidi wake. Jamaa zake waliliona jambo hilo kuwa ni fedheha. Mashairi yake yanamsuta kadhi, mulla na kila anayejivunia nasaba, na moja katika yaliyo mashuhuri limejengwa kwa ukanushi mtupu: msemaji anakataa, jambo baada ya jambo, kila jina ambalo jamii ingeweza kumpa. Tathmini yoyote ya uimbaji wa kafi lazima iulize kama ugomvi huo bado unasikika.

Shule za Muziki na Njia za Sauti

Muziki wa klasiki wa kaskazini mwa Bara Hindi hurithishwa kupitia gharana, yaani nyumba au koo za wanamuziki, kila moja ikiwa na mtindo wake. Nyumba mbili zinahusika hasa na mada hii. Ya kwanza ni Patiala, ambayo jina lake lilikuzwa na Bade Ghulam Ali Khan (1902–1968). Fundi huyu alizaliwa Kasur, mji ule ule lilipo kaburi la Bulleh Shah. Ya pili ni Sham Chaurasia, iliyopata jina lake kutokana na kijiji kilichoko katika wilaya ya Hoshiarpur, Punjab ya India. Ndugu wawili wa nyumba hii, Nazakat Ali Khan na Salamat Ali Khan, walihamia Pakistan baada ya mgawanyiko wa mwaka 1947, wakakaa Multan kabla ya kwenda Lahore. Multan ni kitovu cha Kisiraiki, na kafi ya Kimultani ikawa sehemu ya hazina yao.

Katika utaratibu wa tamasha, fundi wa nyumba hizi huanza na khayali, utungo mzito ambao ndani yake raga hufunuliwa polepole. Kwanza huja alapu, sauti isiyofuata mapigo, inayotambulisha noti moja baada ya nyingine. Kisha huja maneno machache, na baadaye mapambo: taani, ambazo ni mifululizo ya noti za kasi, na sargamu, ambayo ni kuimba majina ya noti zenyewe badala ya maneno. Katika khayali maneno ni machache kwa makusudi. Mara nyingi ni mistari miwili tu, nayo huwa ni kigingi cha kufungia sauti. Kafi huja baadaye, khayali ikiisha, pamoja na tungo nyepesi kama thumri. Aghalabu huwekwa katika njia kama Sindhi Bhairavi, ambayo huruhusu noti za nje kuingia na kutoka kwa uhuru usiokubalika katika raga nzito.

Hapo ndipo palipo chanzo cha tatizo. Mwimbaji aliyezoea maneno yawe kigingi anakutana na utungo ambao maneno yake ndiyo mzigo wenyewe. Akiyatendea maneno ya kafi kama anavyoyatendea ya khayali, amemnyamazisha mshairi. Lakini mafunzo yale yale humpa uwezo ambao mwimbaji asiyefunzwa hana. Mapokeo ya thumri yamemfundisha ufundi wa kulijenga neno: kulichukua tamko moja na kuliimba mara nyingi, kila mara kwa mkondo mwingine wa noti, hadi kila maana iliyomo ndani yake itoke. Swali la uhakiki ni ni upi kati ya urithi huu miwili anaouleta mbele ya kafi.

Kurudia kama Ufasiri

Mfano bora wa kulipima jambo hili ni kafi ya Bulleh Shah ambamo Heer anasimulia kuwa amelitaja jina la Ranjha mara nyingi hata amekuwa Ranjha yeye mwenyewe, na kuwataka wenzake wasimwite tena kwa jina la Heer. Kimaudhui, kafi hii inahusu fanaa, yaani nafsi kumalizika ndani ya Mpendwa. Lakini inahusu pia kurudia. Njia iliyomfikisha Heer pale alipofika ni kulisema jina moja tena na tena, kama mwenye kuvuta uradi katika halaka ya dhikri.

Likisomwa kimya, dai hilo hubaki kuwa habari: msomaji anaarifiwa kwamba jina limerudiwa. Katika uimbaji jina linarudiwa kweli. Mwimbaji anapolishika na kuliimba mara kumi au ishirini, kwanza kwa sauti ya chini kama anayeita, kisha juu zaidi kama anayelalama, kisha kwa utulivu kama aliyekwisha kupata, huwa hasimulii tena yaliyompata Heer. Anayapitia mbele ya hadhira. Fani na maudhui, ambazo wahakiki wengi hupenda kuzitenga katika sura mbili tofauti, hapa hazitengeki. Kurudia ni mbinu ya muziki, na papo hapo ndiyo maana ya utungo.

Hoja hii inaungwa mkono na muundo wa lahani yenyewe. Kipokeo cha kafi huwekwa katika sehemu ya wimbo ambayo makao yake ni noti za chini na za kati. Beti hupanda kuelekea noti za juu. Kwa hiyo kila ubeti ni safari ya kupanda, na kila kipokeo ni kurudi nyumbani. Fundi mzuri huitumia safari hiyo kuufasiri utungo: huchelewa huko juu penye neno la kutengana, huacha sauti ining'inie bila kutua, na hadhira huhisi kiu ya kurudi kabla mapigo ya tabla hayajairudisha. Mshairi amesema kwamba kutengana kunauma. Mwimbaji amemfanya msikilizaji akingojee kipokeo kama Sassi anavyomngojea Punnu.

Kuna tendo la tatu la ufasiri. Kabla ya kafi na kati ya beti zake, mwimbaji huweza kuingiza mishororo miwili miwili kutoka tungo nyingine, akiiimba bila mapigo, kisha akarejea katika wimbo. Kwa uteuzi huo, neno la mshairi mmoja hukaa karibu na la mwingine aliyetanguliwa au kufuatwa naye kwa karne mbili. Huu ni uhakiki uliofanywa kwa sauti. Nadharia ya fasihi simulizi imekuwa ikisisitiza kwamba fanani hutunga kila anapotenda. Kafi inaonyesha kwamba hutunga hata pale ambapo maneno yote ni ya wengine.

Sauti ya Mwanamke

Watunzi waliotajwa hapa ni wanaume, lakini msemaji katika kafi zao mara nyingi ni mwanamke. Anapoimba mwanamume kama Salamat Ali Khan (1934–2001), hadhira humsikia mwanamume aliyevaa sauti ya Heer, na umbali kati ya mwimbaji na msemaji huwa wazi kama ulivyokuwa wazi kwa mshairi. Anapoimba mwanamke, jambo hubadilika: vazi hurejea kwa mwenyewe. Sauti iliyoazimwa na mshairi wa karne ya 18 inasikika kutoka kooni mwa yule ambaye iliazimwa kwake.

Wa kwanza kutajwa hapa ni Zahida Parveen (1925–1975), mwanafunzi wa Ashiq Ali Khan wa nyumba ya Patiala, aliyejulikana kuliko yote kwa kafi za Khwaja Ghulam Farid. Ufundi wake unafaa kuwa kipimo. Mapambo yake ni ya klasiki kamili, lakini yote yametoka ndani ya neno. Taani yake haianzi neno likiwa limekwisha. Huanza katika irabu ya neno lenyewe, ikalirefusha, ikalikunja, na kuliweka chini. Msikilizaji hawezi kusema wapi usemi umekoma na wapi mapambo yameanza.

Wa pili ni Abida Parveen, aliyezaliwa Larkana, Sindh, mwaka 1954. Mwalimu wake wa kwanza alikuwa baba yake, Ustad Ghulam Haider, aliyekuwa na shule ya muziki; baadaye alijifunza kwa Salamat Ali Khan. Yeye huimba katika majumba ya tamasha ya nchi nyingi, akiwa ameketi chini, begani ana ajraki, kitambaa cha Sindh kinachohusishwa na kaburi la Shah Abdul Latif. Sauti yake ni nzito, wala haijilazimishi kuwa ya kike kwa namna inayotarajiwa. Kwa hiyo katika uimbaji wake swali la nani anayesema, mwanamume au mwanamke, linafifia, na hilo linakubaliana na mafundisho ya kafi kwamba mbele ya Mpendwa majina yote huvuliwa. Kwa upande wa ufundi, Abida hutumia elimu ya Sham Chaurasia kwa uchache wa makusudi. Sargamu hutokea, lakini mara nyingi hutokea pale neno lilipokwisha kutoa kila lililomo, sauti ikawa haina pa kwenda ila nje ya lugha.

Lahani Inapolifunika Neno

Haya yote hayaondoi lawama iliyotajwa mwanzoni. Salamat Ali Khan alisifika kwa sauti iliyoenea juu na chini, kwa taani za kasi, na kwa sargamu zilizocheza na hesabu ngumu za mapigo. Katika khayali, sifa hizo zilimweka katika safu ya mbele ya wanamuziki wa zama zake. Katika kafi, sifa hizo hizo ni hatari. Hadhira inayongoja hesabu ya mapigo ikamilike hushangilia pale inapokamilika. Na inaposhangilia, Sassi aliyekuwa akifa jangwani amesahauliwa kwa muda. Uzuri umepatikana, lakini si uzuri wa utungo huu.

Kwa kulinganisha, Pathane Khan (1926–2000), mwimbaji wa Kisiraiki asiyetokana na nyumba za klasiki, aliimba kafi za Farid kwa kinanda cha mkono na sauti yenye mikwaruzo. Kwake neno halifunikwi kamwe. Ndiyo sababu wengi humtaja kama ushahidi dhidi ya mafundi. Lakini ushahidi huo unathibitisha jambo lingine. Nguvu ya Pathane Khan haitokani na ukosefu wa ufundi. Inatokana na kurudia kwake, na kujua kwake pa kusita kabla ya kuliachilia neno linalongojewa. Huo ni ufundi, ingawa haukufunzwa katika gharana. Kwa hiyo mpaka unaofaa kuchorwa haupiti kati ya klasiki na kienyeji. Unapita kati ya sauti inayolifanyia neno kazi na sauti inayolifanya neno liifanyie kazi.

Kutokana na uchambuzi huu, vipimo vitatu vyaweza kupendekezwa. Kwanza, neno lisikike: msikilizaji ajuaye lugha asipotezewe tamko kwa ajili ya pambo. Pili, kila marudio yalete jambo ambalo marudio yaliyotangulia hayakulileta; kurudia bila kuongeza ni kuchelewesha. Tatu, pambo lirudi kwenye kipokeo likiwa limekiongezea uzito. Taani inayokirudia kipokeo na kukikuta kilekile imepita bure, hata ikiwa ya kasi ya kustaajabisha.

Kipimo cha nne, cha ugomvi, hakimhusu mwimbaji peke yake. Kafi iliyotungwa kumsuta mwenye nasaba huimbwa leo katika kumbi ambamo wenye nasaba na mali ndio wanaoketi mbele, nao hufurahi. Yawezekana kufurahi huko ni dalili kwamba sumu imekwisha kutolewa. Hata hivyo, matukio ya karibuni yanaonya dhidi ya kuharakisha hukumu hiyo. Mwaka 2016 mwimbaji wa kawali Amjad Sabri aliuawa kwa risasi mjini Karachi, na Februari 2017 bomu liliwaua watu zaidi ya 80 katika kaburi la Lal Shahbaz Qalandar huko Sehwan. Wapo, basi, wanaoiona sauti ya Kisufi kuwa ni jambo la kupigwa vita. Fani iliyobaki pambo tupu haiogopwi kiasi hicho.

Hitimisho

Katika pwani ya Afrika Mashariki, lahani za Bara Hindi zilifika muda mrefu uliopita. Siti binti Saad alikwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, na Juma Bhalo (1942–2014) wa Mombasa aliimba mashairi ya Kiswahili kwa lahani za filamu za Kihindi. Hadhira yake ililijua neno, na lahani ndiyo iliyotoka ng'ambo. Msikilizaji wa Kiswahili anayeisikia kafi yumo katika hali iliyo kinyume: sauti huweza kumgusa mara moja, ilhali neno limefungwa. Hatari yake ni kuridhika na sauti, na kuiita hali hiyo utambuzi wa usufi. Mtu wa namna hiyo amempokea mwimbaji na kumwacha Bulleh Shah mlangoni.

Kazi ya idara za fasihi hapa ni ya wazi. Kafi zinastahili kufasiriwa kwa Kiswahili, lugha ambayo tayari ina msamiati wa uradi, murshidi na dhikri, na hivyo haihitaji kuzipitisha katika lugha ya tatu. Zinastahili kufundishwa pamoja na kaswida na tenzi, na kufundishwa kwa kusikilizwa, kanda na maandishi vikiwa mezani pamoja. Mwanafunzi aliyemsikia Zahida Parveen akilikunja neno moja la Farid mara saba, akiwa na tafsiri mbele yake, atakuwa na swali jipya la kuliuliza shairi la Kiswahili kila atakapoambiwa kuwa linaimbika.